Kengele Iliyomzika Papa Polycarpe Kila Asubuhi

Papa Polycarpe alikufa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amekaa kitandani anatafuta kiatu cha pili. Kengele ya parokia ilianza kupiga mlio wa msiba, mmoja mmoja, wa polepole, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote kilimani kwetu, tena mgonjwa wa kifua, wanawake hawakupoteza muda kuuliza ni nani. Walijifunga vitenge, wakaanza kulia njiani, na walipofika kwenye ua wake walimkuta amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

"Nani amekufa?" aliwauliza.

Wanawake walitazamana. Mmoja alisema walikuwa wanapita tu. Papa Polycarpe alitazama machozi yao, akawaambia siku nyingine wakipita, wapite na pombe ya kasiksi.

Mimi naitwa Astrid Dusabimana. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, juu ya Bihambwe, kwa sababu mbili. Ya kwanza, chuo chetu cha ufundi huko Goma kilikuwa kimefunga milango kwa mara nyingine, kwa sababu ambazo kila mtu wa upande wetu anazijua na mimi nimechoka kuzieleza. Ya pili, nilikuwa nimeanguka mtihani wa mashine za hali: sita kwa ishirini. Ile ya kwanza niliitangaza. Ya pili nilimwambia mama peke yake, na mama akawaambia wengine wote.

Mashine ya hali, kwa asiyeijua, ni saketi inayokumbuka iko wapi. Ina hali chache, tuseme nne. Ndani yake kuna saa inayogonga, na kila inapogonga mashine hujiuliza maswali mawili: sasa niko katika hali gani, na huko nje wananiambia nini? Kisha inabaki ilipo au inahama. Haina ndugu, haina barua ya mapendekezo kutoka kwa mkubwa fulani. Kuichambua ni kuchukua mchoro wa waya zake na kuandika, kwa kila hali, itakwenda wapi. Mwalimu wetu alisema hata mtoto wa miaka kumi angeweza. Labda, lakini mtoto huyo hakuwa darasani kwetu.

Sasa nije kwenye kengele. Tangu wakati wa babu zetu ilipigwa kwa kamba, mpaka rafiki mmoja wa padri kutoka Ubelgiji alipotuonea huruma ambayo hatukuiomba. Aliweka nyundo ya umeme juu ya mnara, paneli ya jua juu ya paa, na ndani ya sakristia akatundika kisanduku cha chuma chenye kitufe kimoja na taa tatu ndogo. Kamba ikateremshwa. Padri wetu, Abbé Hilaire, aliichukua kumfungia ng'ombe wake, na mpaka leo ng'ombe huyo ndiye aliyefaidika zaidi na maendeleo yale.

Yule Mbelgiji alimfundisha sakristani wetu Mbonigaba kwa siku mbili: bonyeza mara moja kwa sala ya asubuhi ya Malaika wa Bwana, mara mbili kwa misa, mara tatu kwa msiba. Kwa miaka mitatu Mbonigaba hakukosea. Kisha, mwezi wa kumi na moja, milio ya risasi iliposogea, akachukua watoto na godoro akaenda Minova, na ujuzi wake wote akaenda nao. Nafasi yake ilichukuliwa na Darius, mtu mpole, wa umri wa miaka thelathini hivi, anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kunywa maji na baada ya kuyameza. Wiki mbili za kwanza baada ya Mbonigaba kuondoka, kengele haikupigwa kabisa. Jumatatu ile ilikuwa siku ya kwanza ya Darius.

Abbé Hilaire alipousikia mlio wa msiba alikimbia na sandali moja, akachomoa waya wa betri, kengele ikanyamaza. Lakini mlio wa msiba ukishasikika umeshasikika. Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayegusa shamba. Huinui jembe, huinui panga, hung'oi hata jani la boga. Majirani wasiosalimiana miaka kumi wanaifuata desturi hiyo, na ni kitu pekee ambacho kilima chetu kizima hakijawahi kukigombania.

Siku ya pili kengele ilipiga msiba tena. Watu walicheka, wakasema mashine imelewa, na kumi na mmoja kati yao wakashika njia ya shamba. Bahati mbaya, siku hiyo Mama Nyiraneza wa ng'ambo ya kijito alikuwa amekufa kweli, usiku, kimya kimya, kama alivyoishi. Wale kumi na mmoja walikutwa wameinama mashambani saa nne asubuhi. Walilipishwa mbuzi na madumu mawili ya kasiksi, na hilo lingevumilika, lakini wana wa marehemu waliwaambia kitu kibaya zaidi: siku yenu itakapofika, mtajizika wenyewe.

Mama yangu, Constance, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Kuanzia hapo tukanaswa. Darius alibonyeza kitufe kila asubuhi, kengele ikapiga msiba kila asubuhi, na hakuna aliyethubutu kwenda shamba kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyekufa. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu risasi ziliposogea, kwa hiyo kuhakikisha kulimaanisha kutuma watu kwa miguu kwenye vilima vinne, nyumba kwa nyumba, kuuliza kwa adabu kama wenyewe bado ni wazima. Walirudi saa saba mchana. Saa nane mvua ilianza. Wanawake nao, kwa kutokuwa na hakika, walipita kila asubuhi kwa Papa Polycarpe kumtazama kama bado yupo, naye alianza kuwasubiri kwenye kiti, akiwa amevaa koti, na matusi ameyaandaa.

Kila mtu alicheka habari za Papa Polycarpe. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ya maharage. Tulikuwa tumekaa miaka miwili katika kambi ya Lushebere, na yale yalikuwa mavuno ya kwanza ya mama katika shamba lake mwenyewe. Mbegu zake alizipata kiganja kwa kiganja, kwa kulima mashamba ya watu wa kule. Alizipanda mwezi wa tisa, akazipalilia peke yake, na sasa maganda yalikuwa ya manjano, makavu, yakingoja mkono. Ganda kavu la maharage likinyeshewa siku nyingi, mbegu huota ndani yake, na maharage yaliyoota hayaliwi na hayapandwi.

"Yakiota, tunarudia kambi," mama alisema siku ya Alhamisi, akitazama mvua kupitia mlango wa jikoni. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na mimi niliogopa kuliko ninavyoogopa bunduki. Kambini mama alikuwa amejifunza kusimama kwenye mstari na bakuli mkononi. Sikutaka kumwona tena amesimama vile.

Siku ya Ijumaa Abbé Hilaire alinifuata nyumbani. Ni mtu wa Walikale, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiria msituni.

"Astrid, wewe si unasomaka mambo ya courant, ya umeme?"

"Nilianguka, mon père."

"Najua. Mama yako alituambia. Lakini hapa hakuna mwengine, ata wa kuanguka."

Nilikwenda. Nilifungua kisanduku, nikasafisha miguu ya kitufe kwa kitambaa na kanyanga kidogo, pombe kali ya Papa Polycarpe, ambaye alidai kuitoa kwa ajili ya kujilinda. Nikaunganisha betri. Taa nyekundu, ile ya saa yake, ikaanza kuwaka na kuzima, mara moja kila sekunde. Nikagusa kitufe mpaka taa ya kwanza ya kijani ilipowaka, nikaondoa kidole haraka, maana kitu cha watu hakishikwishikwi. Kengele ikapiga Malaika wa Bwana, safi kabisa. Nikarudia mara tatu. Safi mara zote tatu. Nikawaambia watu waliojaa mlangoni kwamba tatizo lilikuwa vumbi, na nikasema hivyo kwa Kifaransa, ili lionekane tatizo kubwa.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Papa Polycarpe alikufa mara ya sita.

Sitaeleza yote niliyoambiwa Jumamosi ile. Wengine walisema kitufe kinataka mkono wa mwanamke. Wengine walisema Darius ana mkosi, na jirani yetu mmoja alisema mimi ndiye niliyeweka kitu ndani ya kisanduku, kwa hasira ya mtihani. Abbé Hilaire alikuja na maji ya baraka, akitaka kuinyunyizia mashine. Nilimzuia kwa mwili wangu. Nilimwambia kwamba Roho Mtakatifu na umeme wa volti kumi na mbili wote wawili nawaheshimu, lakini wasikutane kwenye waya zilizo wazi. Alikasirika, akabariki mlango badala yake.

Nilipobaki peke yangu niliona, nyuma ya kifuniko cha kisanduku, karatasi ya mchoro. Maneno yake yalikuwa ya Kiflamanti, lugha ya yule Mbelgiji, lakini mchoro wa saketi ni uleule kila mahali. Niliunakili wote kwenye daftari, nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni karibu na moto wakati mvua ikipiga bati. Mama alikuwa anachambua majani ya muhogo bila kuniangalia.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa vipande viwili tu, vile tunavyoviita bascule, kila kimoja na taa yake ya kijani. Kila kimoja kinakumbuka jambo moja: ndiyo au hapana. Ndiyo na hapana mbili zinatoa hali nne, na nilizipa majina: Kimya, Malaika, Misa, Msiba. Hali nne, na kitufe kiko juu au chini, hiyo ni mistari minane. Nikachora jedwali. Nilifuata waya moja moja kwa ncha ya kalamu. Kitufe kikiwa juu, kila hali inabaki ilivyo mpaka mlio wake umalizike, kisha inarudi Kimya. Kitufe kikiwa chini, Kimya inakwenda Malaika, Malaika inakwenda Misa, Misa inakwenda Msiba. Lakini Msiba inabaki Msiba, hata ufanye nini, mpaka umeme ukatwe. Na nyundo haipigi chochote mpaka kidole kiondoke.

Jedwali lilikuwa zuri na halikunisaidia kitu. Lilisema kile alichosema Mbelgiji: mara moja, mara mbili, mara tatu. Darius aliapa kwa Bikira Maria kwamba anabonyeza mara moja tu, na Darius hadanganyi, hata pale ambapo uongo ungemsaidia.

Nikatoa karatasi ya mtihani wangu. Nilikuwa nimeibeba kutoka Goma kwa hasira, ili siku moja nimwoneshe mtu jinsi nilivyoonewa. Swali la tatu lilihusu mashine iliyobonyezwa kitufe kwa muda wa mapigo manne ya saa, na mimi niliandika kwamba inahama mara moja, kwa kuwa ilibonyezwa mara moja. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Mademoiselle, saketi haijui kwamba umebonyeza. Inajua tu kama kitufe kiko chini wakati saa inapogonga."

Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara ishirini kama tusi. Jikoni pale niliisoma kwa mara ya kwanza kama maelezo. Mashine haihesabu ni mara ngapi umegusa. Kila sekunde inafungua jicho, inatazama, na ikikuta kidole kipo, inahama. Ikifungua jicho tena na kidole bado kipo, inahama tena. Mbonigaba alijua, au mkono wake ulijua: aligusa, taa ikawaka, akaachia. Mimi pia niligusa nikaachia. Basi swali halikuwa ndani ya kisanduku. Swali lilikuwa Darius anakaa na kidole pale kwa muda gani, na kwa nini.

"Mama," nikasema, "nilipewa sita na nilistahili nne."

"Mi nilijua," akajibu, akaendelea na majani yake.

Jumapili, kabla ya saa kumi na mbili, nilikuwa sakristia. Darius aliingia, akapiga goti, akafuta kitufe kwa mkono wa shati. Kisha akakiwekea kidole, akakibonyeza, akafumba macho, na kwa sauti ya chini, bila haraka hata kidogo, akasema: "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu, Amina." Ndipo akaondoa kidole. Taa zote mbili za kijani zilikuwa zinawaka, na juu ya vichwa vyetu msiba ukaanza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine hayafai sakristia. Nilichomoa betri tu, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayengoja kuambiwa kwamba amelaaniwa.

Misa ilipokwisha nilimwomba Abbé asiwaruhusu watu kuondoka. Uwanjani nilimwaga majivu, nikachora maduara manne yanayofuatana, na mishale kati yake. Nikasema nahitaji mtu wa kuwa mashine. Papa Polycarpe, aliyekuja na fimbo yake na koti lake, akasukuma watu akapita mbele.

"Muniweke mimi. Mi njo nakufaka kila siku, acha nione njia yenye napitia."

Nilimsimamisha kwenye duara la Kimya. Abbé Hilaire nilimpa kazi ya saa: apige kofi kila sekunde, na asiongeze mahubiri katikati. Darius nilimpa kitabu cha nyimbo badala ya kitufe.

"Papa, kila Abbé akipiga kofi, utazame kidole ya Darius. Kama iko juu ya kitabu, unasonga duara moja. Kama haiko, unabakia. Ni ile tu."

"Na nikichoka?"

"Mashine haichokake, Papa."

"Basi ilitoka Ulaya kweli."

Darius akaweka kidole, akafumba macho. Kwa jina la Baba, kofi, Papa Polycarpe akasonga kwenye Malaika. Na la Mwana, kofi, akasonga kwenye Misa. Na la Roho Mtakatifu, kofi, na mzee akaingia duara la Msiba na fimbo yake. Amina. Darius akaondoa kidole, akafumbua macho, akamkuta Papa Polycarpe amesimama ndani ya Msiba anamkodolea.

Mama mmoja akacheka, na wengine wote wakafuata, mpaka Abbé akasahau kupiga kofi.

"Kumbe njo wewe," Papa Polycarpe alisema. "Kila asubui unaniuwaka na Utatu Mutakatifu."

Darius hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamewaka. "Mi siwezi gusa kengele ya Mungu bila kusali," alisema. "Hapana. Afazali mutafute mutu mwengine."

"Hakuna mwenye anakukataza kusali," nikamwambia. "Toa tu kidole. Maharage ya mama yangu inaoza juu ya kidole yako." Sauti yangu ilikuwa kali, na mbele za watu wote, na niliona jinsi ilivyomuumiza. Hakustahili. Alikuwa mtu pekee kilimani aliyeifanya kazi yake kwa moyo wote.

Abbé Hilaire alimshika bega. "Darius. Sali mbele, pole pole, yote. Ukimaliza Amina, njo unagusa. Mungu atangoja. Ni mashine njo haingojake."

Darius akafikiri. Akaliangalia duara la nne. "Na kama nimekosea, imefika pale mu Msiba, nikitoa kidole haiwezi rudia nyuma?"

"Haiwezi," nikasema. "Hakuna mshale ya kutoka."

Papa Polycarpe alitazama majivu chini ya viatu vyake. "Ii njo kitu ya kweli ya kwanza kile kisanduku inasema," alisema, kisha akaomba asaidiwe kutoka ndani ya duara, maana magoti yalikuwa yamekataa.

Jumatatu asubuhi kengele ilipiga Malaika wa Bwana. Watu walisimama kwenye milango yao na majembe, wakingoja iharibike. Haikuharibika. Baada ya dakika kama kumi mtu mmoja alishuka, kisha watatu, kisha kilima kizima, na saa moja mama alikuwa ameinama katikati ya maharage yake, anang'oa kwa mikono miwili na kutupa nyuma bila kutazama. Baadhi ya maganda yalikuwa yameanza kuota. Mengi hayakuwa yameota. Tulibeba mpaka mvua ilipoanza, na Jumanne tukabeba tena, na Jumanne usiku mama aliimba akiwa anaosha miguu. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu Lushebere.

Darius aliniomba nisimame naye sakristia kila asubuhi kwa wiki moja, mpaka kidole kizoee. Jumatano pia ilikwenda vizuri. Tulikuwa tumebaki kufagia, saa mbili asubuhi, Emérence alipoingia. Emérence ni binti wa Papa Polycarpe, ndiye aliyekuwa anamtunza. Alisimama karibu na kabati la mavazi ya padri, mikono imelegea.

"Papa ametuacha," alisema.

Darius akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli. Emérence hakukasirika. Kilimani kwetu lilikuwa swali la haki.

"Ni kweli. Nilimugusa. Nimeita Abbé, iko kule anasali."

"Alisema kitu?" nikauliza.

"Alisema uji haiko na sukari. Nikaenda kutafuta sukari. Nikarudi."

Darius alikaa juu ya benchi akafunika uso. "Nimeshamupigia mara saba," alisema. "Siwezi tena. Astrid, piga wewe."

Nilikisogelea kisanduku. Dirisha la sakristia linatazama bondeni, na shamba letu linaonekana lote kutoka pale. Mama alikuwa amefika katikati. Nusu ilikuwa imesafishwa, udongo mweusi umebaki wazi, na nusu ya pili ilikuwa bado ya manjano. Mazishi yangekuwa kesho, si kabla. Siku mbili bila mkono, mvua mbili juu ya maganda yaliyokwisha kulowa siku nane. Nilijua kitakachotokea bila kuchora jedwali.

Emérence alifuata macho yangu. "Namuona mama yako," alisema. "Unaweza ngoja mupaka jioni. Papa hawezi kasirika. Mi sitaambia mutu."

Nilitaka kungoja. Sitajifanya mtakatifu, Darius anatutosha. Nilisimama pale na mkono hewani na nikatafuta sababu, na nikazipata nyingi, zote nzuri. Lakini kwa wiki nzima kengele ile ilikuwa imedanganya bila kujua inachosema. Jioni ingekuwa imedanganya kwa mkono wangu, nikijua, na kilimani kote watu wangekuwa wameinama mashambani huku mzee wao amelala ndani, kama wale kumi na mmoja, ila safari hii ningekuwa nimewainamisha mimi.

Nikaweka kidole. Taa nyekundu ikapiga, ya kwanza ya kijani ikawaka: Malaika. Ningeachia hapo, watu wangefanya ishara ya msalaba wakaendelea kung'oa. Taa ikapiga tena: Misa. Hata hapo ningeweza kuachia, wangesema Abbé ana misa ya ghafla. Sekunde moja ni ndefu sana. Nilishikilia. Taa zote mbili zikawaka, na nikaondoa kidole.

Mlio wa kwanza ulipofika bondeni, mama alinyooka. Alitazama juu kuelekea parokia, na kilimani kote niliona migongo ikinyooka, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetumwa kwenda kuuliza. Waliweka chini walichoshika, wakaanza kupanda.

Nilimkuta mama njiani, chini ya mikaratusi. Alikuwa na kikapu cha maharage kichwani, yale ya asubuhi ile.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ni nani amepiga?"

"Ni mimi."

Alitazama nyuma, chini, kwenye nusu ya manjano. "Yenye iko nyumba itatosha mbegu," alisema. "Ya kula, hapana." Kisha akanigeukia. "Haungeweza ngoja mupaka jioni?"

"Ningeweza, mama."

Nilingoja anipige, na ningempa shavu. Aliteremsha kikapu kutoka kichwani, akakiweka juu ya kichwa changu, akakisawazisha kwa mikono miwili mpaka kikatulia.

"Peleka kwa Emérence," alisema. "Watu watakuwa wengi, na watakula."